Neno Moja Ambalo Mama Blandine Hakulishuku

Sogeeni karibu, ninyi mliokaa kule nyuma ya turubai, vuteni viti, nanyi akina mama wa jikoni iacheni sombe motoni kidogo, haitakimbia, akina tata wenye karata waziweke chini, na kila mwenye simu aizime kabisa, asiitie mu mufuko tu, kwa sababu huyu tunayemlilia alikuwa akisema simu iliyonyamaza ndiyo inayosikiliza zaidi. Tunaomba kimya. Anayesoma mbele yenu ni Symphorien, mdogo wa marehemu mume wake, lakini maneno ni ya familia yote, na kama kuna mtu aliyekuja kwenye kilio hiki akiwa na maneno mengine mdomoni, nasi tunajua mko, ayameze kwanza, asikilize historia tangu mwanzo, halafu atayatema akiona bado yana ladha.

Mama Blandine Mbayo alizaliwa Mutshatsha, tarehe 14 Aprili 1981, mtoto wa kwanza wa Tata Mbayo Edouard, aliyekuwa akipokea na kupima mizigo pale gare ya treni, na Mama Micheline, ambaye yuko hapa, ameketi juu ya mkeka, na ambaye wakati ule aliuza mihogo na makala kando ya reli. Nkambo, nyanya yake aliyempokea, alitoka nje akicheka, akawaambia wanaume waliokuwa wakingoja, “Mutoto alichungulia kwanza, akarudi, akachungulia tena, njo akakubali kutoka, uyu hatadanganywa na mutu,” na neno lile lilimfuata maisha yake yote, maana msafiri akimpa bonbon kupitia dirisha la treni, Blandine alimwonjesha kuku kwanza, akaketi, akangoja aone kuku atafanya nini, na mara nyingi kuku ndiye aliyefaidi. Tata Edouard alikuwa akimchukua kazini, akimkalisha juu ya masanduku ya wasafiri, yale ya bati yenye majina yaliyopakwa rangi, na mtoto akajifunza herufi zake za kwanza pale, juu ya masanduku yaliyokuwa yakienda Dilolo na yaliyokuwa yakirudi.

Alisoma shule ya msingi Mutshatsha tangu 1987 hadi 1993, akaja hapa Kolwezi kwa shangazi yake kusoma sekondari, akapata diplome mwaka 2000, upande wa ualimu, na waliosoma naye wanakumbuka siku mwalimu aliposema dunia inazunguka, Blandine akaweka kikombe cha maji juu ya dawati, akakitazama mpaka kengele ikalia, ndipo akanyanyua mkono, “Monsieur, kama inazunguka, hii maji inangoja nini?”, kalasi ikaanguka kwa kicheko, mwalimu naye akacheka, akamwambia, “Mbayo, weye utakufa ukiuliza kaburi yako kama iko na mulango ya pili.”

Alifundisha watoto wadogo mu shule moja ya mtaa tangu 2001 hadi 2011, kisha akawa mjumbe wa afya, akipita nyumba kwa nyumba, Kasulo na mitaa ya jirani, akiongea na akina mama juu ya chanjo na vyandarua, na kazi ile ilimfaa, kwa sababu alichunguza kila chupa mbele ya macho ya mama wa mtoto, akamuuliza muuguzi maswali ambayo mama yule aliogopa kuyauliza, mpaka watu wakasema, kama Mama Blandine amekubali, ni nani tena atabaki kukataa.

Philippe Kisimba, fundi wa umeme, alimwomba mwaka 2002, na familia ya Kisimba inakumbuka vizuri kwamba ndugu yetu aliwekwa mlangoni miaka miwili, kwa sababu Blandine alimtuma shangazi yake mpaka Likasi, kule Philippe alikokaa zamani, aulize kama hakuacha bibi mwingine nyuma, shangazi akarudi na jibu, “Kule aliacha gitare moja tu, na gitare yenyewe haina nyuzi,” ndipo ndoa ikafungwa mu parokia, tarehe 7 Agosti 2004. Mungu akawapa Joyeuse, tarehe 22 Februari 2006, na Mechack, tarehe 3 Novemba 2010, na Philippe akatuacha tarehe 30 Machi 2015, kwa malaria iliyompanda kichwani, Blandine akabaki na watoto wawili, lupango moja yenye nyumba, na macho yaliyozidi kuchunguza.

Lakini historia yake haisimuliki bila kumtaja Stany, mdogo wake wa mwisho, aliyezaliwa mwaka 1990, aliyebebwa mgongoni na dada yake zaidi ya alivyobebwa na mama yao, na aliyekuja Kolwezi mwaka 2014 kutafuta maisha kama vijana wengi waliotoka kila upande wa Kongo, akalala katika lupango ya dada na kuchimba kobalti Kasulo, mu mashimo ambayo watu walikuwa wakiyafungua chini ya vyumba vyao wenyewe. Mwezi wa Oktoba 2021, kwa mvua za kwanza, shimo likaanguka, Stany akatolewa hai, na Gloire, rafiki yake aliyekuwa mbele yake, hakutoka, hata mwili haukuonekana, na familia ya Gloire, ambayo haikuweza kukaa bila kuzika, ilinunua sanduku la maiti, ikatia ndani suruali yake, viatu vyake na shati yake ya Jumapili, ikazika. Stany alikuwa mmoja wa waliobeba. Lilikuwa jepesi, jepesi mno, wale vijana walikosa hata namna ya kutembea nalo, na njiani mama mmoja mzee akasema kwa sauti neno ambalo Kasulo yote ililirudia: “Sanduku yenye haina mutu, itatafuta mutu.”

Kuanzia siku ile Stany aliketi nyuma ya nyumba, uso kwa ukuta, akila kama mtu anayelipishwa faini, halali, haongei, lango likigongwa anasimama, na watu wa chumba kimoja cha sala wakaja wakasema wamchukue, wamfungie kwao, wamwombee mpaka pepo itoke. Blandine akawauliza, “Mutamulisha nini?” Wakajibu, “Mama, hatakula, pepo inatoka na njaa.” Akawaambia, “Basi njaa iko hapa pia, hata ku nyumba yangu inapatikana, mwende salama,” akafunga lango, na hapo ndipo alipoanza kutafuta, kwa siri na kwa wazi, mahali ambapo mtu wa namna ile anaweza kusaidiwa bila kufungwa kamba.

Tarehe 4 Aprili 2022 alianza kazi ambayo wengi wenu mliishuku, na tuseme ukweli, yeye mwenyewe aliishuku kuliko ninyi nyote. Kulikuwa na masomo ya simu, yaliyotungwa katika nchi moja ya baridi huko Ulaya, masomo sita ya kumsaidia mtu ambaye mawazo yamemzidi, na kila mtu anayafuata peke yake mu simu yake, hapo alipo, bila kupanga mstari kwa munganga, na Docteur Charlotte, munganga wa mawazo aliyetoka Lubumbashi, alifungua ofisi ndogo mjini ili masomo yale yageuzwe, yaseme kama watu wa hapa wanavyosema, akatafuta mtu wa kuyapitia mstari kwa mstari. Blandine alikubali kwa sababu moja, nayo ilikuwa imeketi nyuma ya nyumba yake, uso kwa ukuta. Alimwambia mama yake, “Kama ni dawa, Stany atapona, kama ni mutego, afazali mi nikuwe wa kwanza kuiona.”

Somo la kwanza lilikuwa na hadithi ya mwanamume wa miaka arobaini, jina lake Peter, anayekaa peke yake na paka, hana mke, hana mtoto, na mawazo yakimzidi anawasha mishumaa, anaingia katika maji ya moto, anafumba macho. Blandine alisoma, akavua miwani, akamwangalia Docteur Charlotte, “Docteur, uyu mutu wenu, habakumufukuza mu kartiye?” Docteur akauliza kwa nini afukuzwe. “Mutu muzima, peke yake, na paka, na mishumaa, na beseni ya maji? Uyu haiko mugonjwa wa mawazo, mama, uyu ni mulozi, na weye unataka batu bajifunze kwake?” Docteur Charlotte alicheka mpaka akafuta macho, na yule Peter akageuka kuwa Tata Tshilombo, dereva wa lori, mwenye mke, watoto watano na mama-mkwe ndani ya nyumba, na tangu hapo hakuna aliyemshuku Tata Tshilombo, walimshuku mama-mkwe.

Palipoandikwa kwamba mtu aende kutembea peke yake porini, alisema, “Ndugu zake batamufuata na kamba,” pakageuzwa. Palipoandikwa kwamba majibu yako ni siri, akakata mstari, akasema, “Mwenye kukuambia ni siri kabla haujamuuliza, amekwisha kuiuza,” ikaandikwa badala yake wazi kabisa ofisi iko wapi, ni nani anaweza kuyaona majibu na nani hawezi. Na pale simu ilipouliza mtu analala saa ngapi na anaamka mara ngapi usiku, Kasulo ilitaka kuwaka moto, kwa maana ninyi mnajua, Kasulo mwenye halali usiku ni mwenye kuchimba mu chumba chake, watu wakanong’ona kwamba simu ni ya kampuni, inahesabu mashimo, kesho watafukuzwa, na Blandine akaenda mwenyewe akasimama pale kwenye bomba la maji, akawaambia, “Mi nilibauliza batu ba ofisi hii swali kabla yenu, na sijajibiwa vizuri, siku nitajua ni ya kampuni nitaivunja simu hapa hapa na jiwe, mutaokota bipande.” Swali likageuzwa, simu ikaanza kuuliza, “Asubuhi unaamka na nguvu, ao mwili bado inalala?” Watu wakajibu.

Sasa tunafika kwenye neno lenyewe. Katika somo la nne, mtu anaambiwa akamate mawazo yake moja moja, ayatie katika sanduku, alifunge, aliache hapo mpaka kesho, ndipo alifungue tena na kuyaangalia kwa saa yake, na Docteur Charlotte, ambaye hakuwa mjinga, aliuliza, “Mama Blandine, sanduku, haina matatizo?” Na yeye aliyemshuku Peter na paka yake, aliyeishuku siri, hakunyanyua hata macho, akasema, “Sanduku ni sanduku, mutu anatia bitu, anafunga, anasafiri,” maana masikio yake yalikuwa bado pale gare ya Mutshatsha, kwenye bati lenye majina ya rangi. Alilibeba lile sanduku la Gloire kwa macho yake, alikuwa kwenye maziko, hata hivyo maneno mawili yalikaa mu kichwa chake kama ndugu wawili wasioongea, hayakukutana. Na kwa kuwa wengi hawapendi kusoma mu simu, masomo yalisemwa kwa sauti, na sauti iliyochaguliwa ilikuwa ya kwake.

Mwezi wa Agosti 2022 simu za kujaribia zikagawanywa, moja akapewa Stany, na katika masomo matatu ya kwanza familia iliona mambo ambayo haikuyatumaini tena, aligeuza kiti, akaacha kuangalia ukuta, siku moja akaomba chumvi, siku nyingine Joyeuse alikimbia mpaka sokoni kumwambia mama yake, “Mama, yomba amecheka! Amecheka mama-mkwe wa Tata Tshilombo!” Kisha ikafika mchana wa tarehe 23, Joyeuse akiosha sahani uwanjani, yomba wake, yaani ndugu ya mama yake, ameketi kando juu ya kiti, simu ikasema kwa sauti ya Blandine, “Kamata wazo yako, moja moja, tia mu sanduku, funga, uiache.” Stany akairudisha, akasikiliza, akairudisha tena, akauliza, “Joyeuse, uyu ni nani anasema?” “Ni mama.” “Anasema nini?” “Anasema utie mawazo mu sanduku, yomba.” “Mawazo ya mutu inakala wapi?” “Mu kichwa.” “Na kichwa ya mutu, inakala wapi?” Mtoto akaiacha sahani majini. Stany akaiweka simu juu ya ndoo iliyopinduliwa, polepole, kama mtu anayeweka yai, akasema, “Batu ba Gloire banatafuta mutu wa ile sanduku, na yaya yangu, dada yangu mukubwa, njo amebaonyesha mulango,” akatia nguo zake mu mufuko, akatoka, lango likabaki wazi.

Blandine alimtafuta Kasulo, akamtafuta Kingamyambo kwa watu wanaochekecha udongo, mpaka habari ikaja kwamba yuko Mutshatsha, porini, anachoma makala, akapanda lori akaenda, na Stany alipokitambua kitambaa chake cha kichwa kwa mbali aliingia kati ya miti, hakuonekana tena siku ile wala kesho yake. Kwa mama yao alituma neno moja tu, “Mwambieni ameniuza.” Blandine alirudi Kolwezi, akaingia ofisini bila kuvua viatu vyenye matope, akasema, “Docteur, ile neno nilikuambia haina matatizo, iko na mutu ndani,” na Docteur Charlotte, tunamshukuru kwa hilo, hakumlaumu, alisimamisha somo la nne siku ile ile, wakaketi kutafuta mahali pengine ambapo mtu anaweza kuweka mawazo yake.

Nayo kazi ile ilimchukua zaidi ya mwaka, kwa sababu sasa hakuamini neno lolote, hata maneno ya kusalimiana aliyageuza akaangalia chini yake. Alisema mufuko, vijana wa kuchimba wakamwambia, “Mama, mufuko ikifika ku mizani, mwenye kununua anaifungua, anasema ni mawe tupu,” akaacha. Alisema chungu, akina mama wakaangaliana, akaacha bila kuuliza, alijua mwenyewe walozi wanaficha nini mu chungu. Alisema sakoshi, mkoba wa akina mama, wanaume wakacheka, mmoja akajishika begani na kutembea kama bibi yake. Alisema kitunga, mzee mmoja akasema kitunga kina matundu, mawazo yatavuja njiani mpaka nyumbani. Mwisho siku moja, pale pale kwenye bomba, alimwona mwanamke akifika na gunia la makala kichwani, akipumua, na wenzake wakimwambia, “Tua, mama, tua kwanza,” na Blandine akawauliza wote, je, kama simu ingesema hivi, tua muzigo ya mawazo pa mulango, kesho utaikuta. Yeye mwenyewe ndiye aliyeishuku kwanza, “Na nani ataichunga? Mwizi hatapita?” Yule wa gunia akajibu, “Mawazo yangu? Aje, mwizi! Aje na ndugu zake! Mi mwenyewe nitamusaidia kujitwika!” Bomba lote likacheka, ndoo zikafurika, na Blandine akajua, maana alikuwa akisema neno lenye mtego halichekeshi mtu.

Somo la nne lilisemwa upya, kwa sauti yake, mwezi wa Septemba 2024, likaanza kutembea mu simu za watu, na likafika mpaka Mutshatsha, kwa kijana mmoja wa makala, ambaye alikuwa akilisikiliza jioni wakati wa kungoja tanuru lipoe. Stany alilisikia. Alisema baadaye kwamba alilisikiliza akitafuta sanduku mle ndani, akageuza kila neno, hakulipata, na kwa kutolipata alikasirika zaidi, kwa sababu mtego unaoonekana ni afadhali kuliko usioonekana.

Ugonjwa wa sukari Mama Blandine alikuwa nao tangu mwaka 2019, aliutunza kadiri alivyoweza, na mwezi wa Novemba 2024 waganga wa lopitali wakakuta figo zimeanza kuchoka, akalazwa kwa mara ya kwanza mwezi wa Machi 2025. Hapo ndipo midomo ikafunguka, na tunayasema hapa mbele ya jeneza kwa sababu yalisemwa nyuma ya mgongo wake: kwamba sanduku alilolitia mu simu limemrudia, kwamba mtu wa sanduku la Gloire amepatikana. Mama Micheline alipelekewa maneno hayo na jirani, akamjibu, “Sukari iko na jina yake, figo iko na jina yake, weye pia uko na jina yako, unataka nilitaje?” Jirani hakurudi.

Mwezi wa Mei Mama Micheline alituma habari Mutshatsha kwa lori la makala, kwamba yaya ni mgonjwa, na Stany hakuamini, alisema ni mutego wa kumrudisha, akaja ili aone uongo kwa macho yake. Aliingia lopitali, akasimama pa mulango wa chumba, akaangalia chini ya kitanda, akaangalia chupa ya dawa inayoninginia, akasoma jina juu yake, Blandine akimtazama, maana kama kuna mtu aliyejua namna ya kumwacha mwingine achunguze, alikuwa yeye. Kisha Stany akauliza, “Yaya, ile sanduku, ulikuwa unaitengenezea nani?” Akajibu, “Mi nilikuwa nawaza sanduku ya nguo, mutoto ya mama. Ya ku gare. Sikuwaza ingine.” “Weye? Weye haukuwaza?” “Mi.” Stany akacheka kidogo, kicheko cha mtu asiyetaka, akasema, “Blandine Mbayo hakuwaza. Nani ataamini?” akatoka, na tulidhani amekwenda.

Asubuhi ya kesho alirudi na bakuli la uji alioupika mwenyewe kwa majirani wa lopitali. Lazima mjue kwamba tangu mume wake alipofariki, Mama Blandine hakula chakula ambacho hakukiona kikipikwa, hata kwa mama yake mzazi alisimama kando ya jiko, na Stany alilijua hilo, kwa hiyo alichota kijiko cha kwanza apeleke kinywani mwake, amwonyeshe, kama ilivyokuwa desturi ya nyumba ile. Blandine akamshika mkono. Alisema, “Usionje,” akafungua mdomo. Alikula uji wote bila kuuliza maji yalitoka wapi, na kuanzia siku ile ni Stany aliyemlisha, akamwosha miguu, akabishana na wauguzi juu ya kila kidonge kiasi kwamba wauguzi wakasema, sasa tunao wawili.

Siku za mwisho alimwita Docteur Charlotte, mbele ya mama yake na Stany, akasema, “Nikikufa, mutoe sauti yangu mu simu, yote, siku ile ile.” Docteur alitaka kusema kwamba watu wameizoea, kwamba wanaipenda. “Baliipenda ya mutu anapumua,” akamjibu. “Mi mwenyewe, mufu akiniambia tua muzigo, nitaitwika mara mbili na kukimbia nayo.” Alicheka, akakohoa, akasema tena, safari hii bila kucheka, “Kama munaacha sauti yangu, kila mwenye kuisikia atasema sanduku imerudi. Mutaitupa kazi yote.” Alifariki Jumatatu, tarehe 9 Juni 2025, alfajiri, kwa sukari na figo, waganga wameandika, familia imesoma, tena Stany amesoma, na asiwepo mtu hapa wa kumwangalia mwenzake kwa jicho la pembeni, wala kuiangalia hivyo familia ya Gloire, ambao tumewaita wenyewe na wako hapa, mstari wa pili, wamekuja na chakula chao.

Tunawashukuru waganga na wauguzi waliostahimili maswali, tunamshukuru Docteur Charlotte na wenzake wa ofisi, wajumbe wa afya aliotembea nao, majirani wa Kasulo walioleta maji na makala, watu wa parokia, akina mama wa bomba, na hata walioshuku, maana nao walimfanya afanye kazi vizuri. Nawe Mama Blandine, chungulia kule unakokwenda kadiri unavyotaka, ukiridhika, ingia, upumzike, amani ya Mungu haina haraka nawe.

Familia ya Mbayo na familia ya Kisimba walikaa jana, na mbele yenu wanasema hivi. Lupango na nyumba vinabaki vya Joyeuse na Mechack, familia ya Kisimba haina mguu ndani yake, na Mama Micheline ameomba mstari huu Symphorien ausome mara mbili: lupango na nyumba vinabaki vya Joyeuse na Mechack. Vikwembe vyake vya kuvaa watagawana wajumbe wa afya. Miwani amechukua mama yake, ambaye hakuingia kalasini hata siku moja, amesema haitaki kwa kusoma, ataangalia nayo watu. Sauti yake imetolewa mu simu tangu Jumatatu kama alivyoomba, masomo yamekaa kimya, na watu wa Kasulo, na wa Mutshatsha pia, wameanza kuuliza yatarudi lini. Maneno ya masomo yote sita yamekwenda kwa Stany. Hakuna aliyemwomba, alisimama mwenyewe mu kikao, akasema atayasema kwa mdomo wake, kwa sharti ayasikilize kwanza moja moja, na lenye harufu alitupe, Docteur Charlotte akakubali, wataanza Jumatatu ijayo. Mzee mmoja akamuuliza kama haogopi kuketi kwenye kiti kile cha dada yake, watu wakageuka wamwangalie, naye akajibu, “Naogopa, tata. Lakini kuko batu banangoja.”